Goti Linalouma na Mipaka ya Rukhsa

Goti linapoanza kuuma huzuka maswali mawili, na mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni la hospitali: kiungo kitumike au kipumzishwe? La pili ni la dini, na kwa undani ni la falsafa: maumivu yana mamlaka gani juu ya wajibu? Mtu akisema goti linamuuma, amekwisha kutoa sababu ya kutosha ya kuacha, au ametoa habari tu ambayo bado haijapimwa? Fikihi ya Kiislamu imelijadili swali hili la pili kwa urefu, na sababu yake inaonekana wazi, kwani sala ni ibada isiyopita dakika chache bila goti kukunjwa.

Sala tano za faradhi zina rakaa 17 kwa siku. Kila rakaa ina rukuu moja na sijda mbili. Kwa hiyo paji la uso hugusa chini mara 34, na mwili hushuka kutoka kusimama hadi sakafuni mara 17 na kuinuka mara hizo hizo. Ziko pia rakaa 10 za sunna zilizotiliwa mkazo, na katika Ramadhani rakaa 20 za tarawehe ambazo misikiti mingi ya mwambao huziswali. Baina ya sijda mbili na wakati wa tahiyatu, goti hukunjwa karibu mpaka mwisho wa uwezo wake, kiwiliwili kikiwa kimekalia unyayo. Kijana hana habari na hayo. Mama wa miaka 60 na kitu hushuka kwa hesabu: mkono ushike wapi, goti lipi litangulie, na kama atawahi kuinuka kabla imamu hajarukuu.

Maradhi yanayowapata wengi katika umri huo ni kuchakaa kwa maungio, ambako wengine hukuita baridi yabisi kwa ujumla. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa nayo, na goti ndilo lililoongoza, likiwa na watu milioni 365. Mtaani maradhi haya huelezwa kwa lugha ya gereji: mafuta ya magoti yamekwisha, mifupa inasagana, spea imechakaa. Lugha hiyo inaeleweka upesi, ila inapotosha mahali penye maana zaidi. Chuma huisha kwa kutumika. Gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka katika ute wa kiungo, nao ute huo huingia na kutoka pale gegedu linapobanwa na kuachiwa, yaani mtu anapotembea, anapoinuka na anapoketi. Goti lililolazwa miezi kadhaa hukakamaa, msuli wa mbele ya paja husinyaa, na mzigo ambao msuli ulikuwa unaubeba hurudi kwenye kiungo chenyewe. Ndiyo maana miongozo ya tiba ya nchi nyingi sasa huweka mazoezi, pamoja na kupunguza uzito kwa wanene, mbele ya vidonge.

Jambo jingine ambalo wagonjwa huambiwa na wengi hawaliamini ni kwamba picha ya eksirei na maumivu haviendi sambamba. Wako wenye gegedu lililoliwa vibaya ambao hawaumwi, na wako wanaoumwa sana na picha zao hazionyeshi mengi. Chama cha kimataifa cha wachunguzi wa maumivu, kiliporekebisha fasili yake mwaka 2020, kilisisitiza kuwa maumivu ni hali anayoipitia mtu mwenyewe na kwamba huathiriwa na mambo ya mwili, ya nafsi na ya jamii. Maumivu basi ni habari ya kweli. Anayeumwa hasingizii. Lakini habari hiyo yenyewe haitaji kiasi cha madhara, wala haimalizi suala la nini kifanyike, na hapo ndipo dini na falsafa zinapoingia.

Kuna mapokeo ya kale yanayoyaona maumivu ya ibada kuwa cheo. Eusebius, mwandishi wa historia ya Kanisa, amemnukuu Hegesippus wa karne ya 2 akisimulia kuwa Yakobo, ndugu yake Bwana, alikuwa akipiga magoti hekaluni kuwaombea watu hadi magoti yake yakawa magumu kama ya ngamia. Katika Uislamu, Ali Zaynul Abidin, kitukuu cha Mtume, alipewa lakabu ya Dhu Thafinat, mwenye sugu kama zile zilizo kwenye viungo vya ngamia vinavyogusa chini anapolala, kwa wingi wa sijda zake. Kwa lakabu hiyo hiyo aliitwa Abdullah bin Wahb al-Rasibi aliyeuawa Nahrawan mwaka 658, ambaye Maibadhi wa Oman na wa Unguja humhesabu miongoni mwa maimamu wao wa mwanzo. Mkristo wa Yerusalemu, imamu wa Mashia na imamu wa Maibadhi, wote watatu wametambulishwa kwa ngozi iliyokomaa ya mnyama mmoja. Yapo pia mapokeo mashuhuri ya Bibi Aisha kuhusu Mtume kusimama usiku hadi miguu ikavimba, na jibu lake kwamba anapenda kuwa mja mwenye kushukuru.

Mwenye kuishia hapo ataondoka na fundisho kwamba goti linalouma ni goti linalochuma thawabu, na kadiri linavyouma ndivyo bora. Fundisho hilo lina wafuasi wengi kimyakimya, hasa miongoni mwa wazee wanaoona haya kuonekana wamekaa. Mapokeo yenyewe hayalikubali. Wakusanyaji wa hadithi Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza, akaambiwa ni ya mkewe Zaynab, ambaye akichoka katika sala huishika. Akaamuru ifunguliwe: mtu aswali akiwa na nguvu, akichoka akae. Wamepokea vilevile habari ya mzee aliyekuwa akiburuzwa na wanawe wawili, huku na huku, kwa kuwa aliweka nadhiri ya kwenda kwa miguu hadi Al-Kaaba. Mtume akasema Mwenyezi Mungu hana haja na mtu huyo kuitesa nafsi yake, akamwamuru apande mnyama.

Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki mwaka 1262, ndiye aliyeipa hoja hii sura ya kifalsafa. Kwa maoni yake ibada ni kumtukuza Mola, na mashaka peke yake hayamtukuzi yeyote. Kwa hiyo haiwezekani kujikurubisha kwa mashaka yenyewe. Mashaka yanayofuatana na ibada isiyokwepeka, kama baridi ya maji ya udhu alfajiri, huongeza ujira. Yanayotafutwa kwa ajili yake yenyewe hayana kitu. Al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, alifika hapo hapo kwa njia yake: mja hukusudia kitendo, hakusudii taabu ya kitendo. Tofauti hii ni nyembamba lakini inaamua mengi. Mwenye goti bovu anayekwenda msikitini polepole, akiumwa kidogo, yuko katika kundi moja. Anayekataa fimbo ili aumwe zaidi yuko katika kundi jingine, hata kama kwa mbali wanafanana.

Upande wa pili wa kosa ni kuyapa maumivu mamlaka ya hakimu: limeuma, basi yamekwisha. Hapa fikihi ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Izzuddin huyo huyo aliyagawa mashaka katika ngazi. Makubwa, yanayohofisha uhai au kiungo, huleta takhfifu, yaani wepesi. Madogo, na mifano yake ni maumivu madogo ya kidole na kichwa kuuma kidogo, hayana athari. Kati ya hayo mawili kuna mengi ambayo hukumu yake hutegemea yanakaribia upande upi. Kanuni inayosema mashaka huleta wepesi, ambayo Suyuti aliyefariki mwaka 1505 aliihesabu miongoni mwa kanuni tano zinazobeba fikihi nzima, haikuwahi kumaanisha kila usumbufu.

Basi mpaka uwekwe wapi, ikiwa maumivu hayaonekani na jirani hawezi kuyapima? Jibu linalovutia kuliko yote ni la Imamul Haramayn al-Juwayni, aliyefariki mwaka 1085, na Nawawi, mwanachuoni wa Kishafii, amelinukuu. Kwake, mtu huhesabiwa ameshindwa kusimama pale kusimama kunapompa mashaka yanayoondoa khushuu yake. Kipimo hiki hakiulizi goti limeharibika kiasi gani. Kinauliza kama maumivu yameuteka moyo mpaka hakuna nafasi iliyobaki kwa kile kilichomfanya mtu asimame. Ni kipimo ambacho mwenye goti pekee ndiye anayeweza kukitumia, na kinamtaka awe mkweli kwa nafsi yake, kwa sababu hakuna atakayemkagua. Wanachuoni wengine wa madhehebu ya Shafi walitaka kipimo kizito zaidi, mashaka makali au hofu ya maradhi kuzidi, na mjadala huo haujafungwa. Hata hivyo kauli ya Juwayni ina ubora mmoja: inakubali kwamba maumivu ni jambo la ndani bila kuyaachia yatawale.

Kutoka hapo hukumu hushuka kwa ngazi, na msingi wake ni mapokeo ya Imran bin Husayn, sahaba aliyekuwa na bawasiri. Alimuuliza Mtume kuhusu sala, akaelekezwa aswali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kuketi. Asipoweza, kwa ubavu. Kila ngazi huanza pale tu iliyotangulia inaposhindikana. Kanuni inayoziunganisha inasema kinachowezekana hakianguki kwa sababu ya kisichowezekana, na hiyo ndiyo nguzo ya suala zima la goti. Goti halishindwi kila kitu kwa pamoja. Huenda likaweza kusimama lakini lisiweze kukunjwa. Huenda likashuka mara moja lakini lisiinuke mara ya pili. Huenda likaweza asubuhi na kugoma usiku. Fikihi inalifuata kila hali ilivyo.

Mfano unaowahusu Waislamu wengi wa Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, ambao ni Mashafii, umo katika Minhaj ya Nawawi, kitabu ambacho wanafunzi wa mwambao hukifikia baada ya vitabu vidogo kama Safinatun Najaa. Nawawi anaeleza kuwa anayeweza kusimama lakini hawezi kurukuu wala kusujudu, husimama, kisha hufanya hayo mawili kwa kadiri ya uwezo wake. Maana yake ni kwamba mwenye goti lisilokunjika hana ruhusa ya kukaa kwenye kiti tangu takbira ya kwanza hadi salamu ikiwa kusimama anakuweza. Asimame kwa Fatiha na sura, ainame alivyoweza, kisha akalie kiti pale tu penye kushuka, na kuinama kwake kwa sijda kuwe chini zaidi kuliko kwa rukuu. Mahanafi wanaona vingine: kwao kusimama kumewekwa kuwa njia ya kwendea sijda, na asiyeweza kusujudu huruhusiwa kuketi moja kwa moja. Kila upande una hoja yake. Lakini viti vya plastiki vilipoenea misikitini, watu wengi wa madhehebu ya Shafi walijikuta wanaswali kwa rai ya Kihanafi bila kujua, kwa kumwiga tu aliyekaa kando yao. Viti vimeleta hata suala la safu, kwani anayesimama hupimwa kwa visigino na anayeketi sala nzima kwa makalio. Mwenye kusimama na kuketi kwa zamu humbana wa nyuma yake, na ndiyo sababu katika misikiti mingi viti huwekwa pembeni.

Yapo mambo katika mafundisho ya Shafi ambayo mwenye goti bovu anaweza kuyatumia bila hata kuhitaji rukhsa. Namna ya kukaa, iwe juu ya unyayo wa kushoto au makalio yakiwa chini na mguu umetolewa upande, ni sunna. Faradhi ni kukaa. Aliyenyoosha mguu wake kwa udhuru sala yake ni kamili. Kuinuka kwa kutegemea viganja vya mikono juu ya ardhi ni sunna kwa Mashafii, na kabla ya kuinuka kuna kikao kifupi cha mapumziko ambacho wenye haraka hukiruka. Baadhi ya wanachuoni wa madhehebu nyingine walikieleza kikao hicho kuwa ni jambo alilolifanya Mtume alipokuwa mtu mzima na mwili umekuwa mzito. Tafsiri hiyo waliitoa ili kukipunguzia hadhi, ila mzee mwenye magoti mabovu anaweza kuiona kuwa hoja ya kukipenda zaidi.

Hata suala la kipi kitangulie kugusa chini, magoti au mikono, lina historia ndefu. Shafi na Abu Hanifa wanatanguliza magoti, Malik mikono. Hadithi zipo pande zote mbili, na mjadala umefika hadi kwenye umbile la ngamia, kama magoti yake yako kwenye miguu ya mbele au ya nyuma. Nawawi, pamoja na Ushafii wake, alikiri kwamba kwa upande wa sunna hakuona rai moja ikiishinda nyingine. Kwa goti lenye maumivu tofauti ni kubwa. Viganja vikitangulia, sehemu ya uzito hubebwa na mabega. Magoti yakitangulia, hubeba yote, tena yakiwa yamekunjwa, hali ambayo mgandamizo wa kifuu cha goti dhidi ya mfupa wa paja huongezeka. Anayetanguliza mikono kwa sababu ya maumivu hana haja ya kujiona amepungukiwa.

Mfano bora wa adabu ya rukhsa umetoka kwa Abdullah bin Umar, sahaba aliyejulikana kwa kufuata nyayo za Mtume hadi katika mambo madogo kabisa. Bukhari amepokea kuwa mwanawe alimwona akikaa mkao wa kukunja miguu kwa mbele katika sala, naye akiwa kijana akakaa vivyo hivyo. Ibn Umar akamkataza, akamweleza sunna: kuusimamisha mguu wa kulia na kuulaza wa kushoto. Kijana akamrudishia kwamba mbona yeye mwenyewe anakaa hivyo. Akajibu kuwa miguu yake haimchukui. Hakuubadilisha udhuru wake kuwa sheria ya nyumba, wala hakuuficha, wala hakuona haya kuutaja mbele ya mwanawe.

Hapa inafaa kumtaja Epictetus, mwanafalsafa wa Wastoa aliyezaliwa mtumwa na aliyekuwa kiguru. Kwake ulemavu ni kizuizi cha mguu, si cha dhamira. Mtu ni dhamira yake, na mguu ni kitu alichoazimwa. Kauli hiyo imewafariji wagonjwa kwa karne nyingi. Fikihi haiwezi kuifuata hadi mwisho. Hadithi ya sahaba Ibn Abbas imeitaja sijda kuwa ni juu ya mifupa saba: paji la uso, mikono miwili, magoti mawili na ncha za nyayo mbili. Rafii, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 1226, aliona kuweka magoti chini si wajibu. Nawawi akamsahihisha ndani ya Minhaj na kusema rai yenye nguvu ni kuwa ni wajibu. Ubishi huo mdogo una uzito, kwa kuwa ukifuata rai ya Nawawi goti lenyewe limeamrishwa. Halikuachwa nje ya mtu kama mzigo anaoubeba mwabudu. Ni sehemu ya anayeabudu. Kwa sababu hiyo linaposhindwa, kinachotafutwa ni kile kilichosalia kwake, na hakuna anayeambiwa alisahau goti abaki na roho.

Kanisa Katoliki limefika mahali panapofanana na hapo kwa njia nyingine. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya 20, uliagiza watu wasali wakiwa wamesimama siku za Jumapili na katika kipindi cha Pasaka hadi Pentekoste, kwa hiyo kupiga magoti hakukuwa kipimo cha uchaji kwa kila siku. Maelekezo ya Misale ya Kiroma ya sasa yanataka waamini wapige magoti wakati wa mageuzo, isipokuwa wenye sababu ya afya au sababu nyingine ya kuridhisha. Hao wasiopiga magoti huinama sana pale padri anapopiga goti. Udhuru umeondoa goti, haukuondoa ishara ya heshima.

Rukhsa ina sifa nyingine inayosahaulika: hurudi ilikotoka. Mgonjwa aliyeanza sala kwa kuketi, akapata nafuu katikati, huinuka na kuendelea akiwa amesimama. Kanuni inasema kilichojuzu kwa udhuru hubatilika udhuru ukiondoka. Kanuni hii ndiyo inayoufungua mlango wa mazoezi. Ikiwa udhuru wa goti mara nyingi hupungua kwa kulitumia na kuzidi kwa kulilaza, je, mtu ana jukumu lolote la kuupunguza? Vitabu vya zamani havikuuliza swali kwa sura hiyo, lakini vina mambo ya kukisia kutoka kwayo. Mashafii wanasema asiyeweza kuinuka peke yake, ila akishikwa mkono anasimama bila taabu, inamlazimu kutafuta wa kumshika, hata kwa ujira wa kawaida ikiwa anao uwezo. Anayemudu kusimama kwa fimbo au kwa kuegemea ukuta naye yuko karibu na hukumu hiyo. Kwa maneno mengine, uwezo unaopatikana kwa msaada wa kawaida huhesabiwa kuwa ni uwezo.

Kutoka fimbo hadi mazoezi ya paja kuna hatua moja, nayo haifai kurukwa kwa pupa. Fimbo inamfaa mtu leo katika sala hii. Mazoezi humfaa baada ya wiki kadhaa, na matokeo yake hayana uhakika. Tiba kwa Mashafii kwa kawaida ni sunna, si wajibu, kwa hiyo kumwambia mgonjwa kuwa ana dhambi kwa kutofanya mazoezi ni kuvuka mpaka. Ila kumwambia kwamba kukaa kwake kitako mwaka mzima ni subira ni kuvuka mpaka wa upande wa pili. Mwili kwa mtazamo wa Kiislamu ni amana yenye haki zake. Hadithi ya sahaba Salman kumkanya mwenzake Abu Dardai, aliyefunga mchana na kusimama usiku mpaka akazisahau nafsi na familia, hutajwa zaidi kumzuia mwenye kuuchosha mwili. Haki ya mwili haiishii kwenye kupumzishwa. Mwili una haki ya kutembezwa pia, na Muslim amepokea kuwa muumini mwenye nguvu ni bora na hupendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko dhaifu, huku wote wawili wakiwa na kheri.

Wahubiri wa siku hizi hupenda kusema kuwa sala ni mazoezi tosha. Kauli hiyo ina ukweli kidogo na hatari zaidi ya kidogo. Ni kweli kwamba kushuka na kuinuka kunashabihiana na zoezi ambalo wataalamu wa mazoezi tiba huwapa wenye maumivu ya goti: kuketi kwenye kiti kigumu, kuinuka bila kusukuma kwa mikono, kukaa tena polepole, na kurudia. Lakini zoezi lina vipimo vyake. Urefu wa kiti hurekebishwa, idadi huongezwa kidogo kidogo, na maumivu hutazamwa: yakibaki madogo na yakatulia kufikia kesho yake, mtu huendelea, yakizidi, hupunguza. Sala haina nafasi ya marekebisho hayo, na kuikadiria kwa faida za misuli ni kuishusha. Kuhusu nia, Minhaj ina mfano unaofaa: anayetawadha kwa nia ya udhu pamoja na nia ya kupata ubaridi, udhu wake unasihi. Anayeswali kwa ajili ya Mola na moyoni akafurahi kuwa goti limenyooka hajaharibu kitu. Anayeswali ili goti linyooke ana tatizo ambalo si la goti.

Kutembea kuna nafasi yake pia. Banu Salima walipotaka kuhama ili wawe karibu na msikiti wa Mtume, waliambiwa wabaki majumbani mwao kwani nyayo zao zinaandikwa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inawataka watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, wenye maradhi sugu wakiwemo, kila mmoja kwa uwezo wake. Anayekaa dakika kumi kutoka msikitini na kwenda kwa miguu sala mbili kwa siku, kwenda na kurudi, hutimiza dakika 280 kwa wiki. Hesabu hiyo haihitaji gimu. Inahitaji viatu vyenye soli nzuri badala ya kandambili zilizolala, na barabara ambayo bodaboda hazimkimbizi mzee mtaroni. Goti lililovimba ghafla na kuwa la moto, lenye homa, lililojifunga lisinyooke, au lisiloweza kubeba uzito kabisa, lipelekwe hospitali kwanza. Hilo si la mazoezi.

Neno la daktari nalo lina nafasi katika fikihi, na mfano wake wa kale unatokana na jicho. Inasimuliwa kuwa Ibn Abbas alipopofuka, aliambiwa anaweza kutibiwa kwa sharti aswali siku kadhaa akiwa amelala, akawauliza wakubwa wa masahaba na akaacha. Pamoja na hayo, rai sahihi zaidi kwa Mashafii ni kwamba mtu akiambiwa na tabibu mjuzi anayeaminika kuwa tiba yake inahitaji aswali amelala, inajuzu kuacha kusimama ijapokuwa anakuweza. Rai hiyo inapanua rukhsa: haimtazami tu aliyeshindwa, inamtazama na anayejizuia leo ili asishindwe kesho.

Rai hiyo ndiyo inayotumika leo katika upasuaji wa kubadilisha goti, ambao kwa wagonjwa wengi huondoa maumivu ya kutembea, lakini goti la bandia kwa kawaida hukunjika kufikia nyuzi 110 hadi 120 hivi. Kukalia unyayo kunataka nyuzi zipatazo 150. Mgonjwa basi hupewa biashara ngumu: apate miguu ya kumfikisha msikitini bila kushikwa mkono, na pengine asiweze tena kukaa mkao wa tahiyatu wala kuweka magoti chini kwa raha. Kwa rai ya tabibu mjuzi anayeaminika, kukubali upasuaji huo kunajuzu, na anayeukubali hahesabiwi ameitupa sijda kwa hiari yake. Baada ya upasuaji husimamishwa mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo au inayofuata, na kazi ya wiki za kwanza ni kulikunja na kulinyoosha goti hilo kwa maumivu ambayo mtaalamu huyaona ya kawaida. Katika wiki hizo huswali akiwa ameketi au amelala. Akishaweza kusimama bila mashaka makali, kisimamo humrudia kuwa faradhi, na sijda yake hubaki ya kuinama juu ya kiti mpaka daktari wake aseme vingine.